Maneno ya Kinjikitile yalipofika Lukuledi

Wasikilizaji kadhaa wameniandikia juma hili wakinilaumu. Katika maongezi yaliyopita niligusia kwa sentensi moja tu kwamba kule kwetu Kusini kuna maneno ya mtu wa dini ambayo wazee hawapendi kuyatamka mbele ya kinasa sauti, kisha nikahamia mambo ya bei ya korosho. Lawama hiyo naipokea. Mtu hafungui mlango nusu akaenda zake. Leo basi nitaufungua wote, na wale mnaosoma gazetini bila kunisikia redioni nadhani nanyi mtanielewa.

Jambo lenyewe lilianzia Lupaso. Rais mstaafu Benjamin William Mkapa alifariki usiku wa kuamkia tarehe 24 Julai 2020, na tarehe 29 akazikwa kijijini kwake Lupaso, wilayani Masasi. Nilitumwa huko kikazi, na kwa kuwa mama yangu ni mzaliwa wa upande ule, sikutafuta nyumba ya wageni. Nilifikia kwa mjomba. Wenye asili ya Kusini mnajua uzito wa neno hilo. Kwetu mjomba si ndugu wa mama tu, ndiye mwenye watoto.

Usiku wa kuamkia mazishi majirani walikusanyika uani kwa mjomba kusali. Mamlaka na wageni wakubwa walikuwa na ratiba yao, ila wanakijiji nao walikuwa na msiba wao. Aliyeongoza sala ni katekista mstaafu, mzee mwembamba mwenye koti lililomzidi, na sauti yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba nililazimika kusogeza mashine yangu hadi karibu na magoti yake. Hakuzungumza zaidi ya dakika nne. Alimtaja marehemu kwa heshima, akamwombea, halafu akasema: “Huyu tumepewa nafasi ya kumzika. Sasa kila mmoja amkumbuke wa kwake ambaye hakuzikwa.”

Ndugu zangu, sijui niwaeleze vipi kilichotokea. Akina mama waliokuwa wametulia muda wote waliangua kilio. Mjomba, mzee wa miaka themanini ambaye sikupata kumwona akilia hata siku ya kumzika mkewe, aliinamisha kichwa mpaka kofia ikaanguka. Mimi nimetangaza misiba mingi, ya wakubwa na ya wadogo, na kazi hii hukausha macho. Nililia. Ajabu yenyewe ni kwamba sikuwa na mtu ambaye hakuzikwa. Kwa kadiri nilivyojua, watu wetu wote wana makaburi.

Wenzetu walipoondoka nikamuuliza: “Mjomba, samahani. Yule mzee alikuwa anawasema akina nani?”

Akanitazama kama mtu anayetazama mtoto aliyechelewa kufundishwa kusalimia. “Mpwa wangu, wewe umesoma. Hukufundishwa habari za maji?”

Nilifundishwa, kama mlivyofundishwa ninyi. Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, sababu tatu, matokeo manne, tunajibu mtihani na kufunga daftari. Usiku ule ndipo nilipoanza kuyasikia yale masomo upya, na tangu siku hiyo nimeyasoma tena kwa jicho jingine. Kilichokuwa kinanisumbua kilikuwa kimoja tu: inawezekanaje maneno ya mtu mmoja, asiye na redio wala gazeti wala jeshi, yawafanye watu waache majembe na kutembea kifua wazi kuelekea kwenye bunduki?

Mtu huyo ni Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, upande wa kaskazini ya Kilwa kuelekea Rufiji. Mwaka 1904, kama wazee walivyosimulia, alipandwa na pepo aliyeitwa Hongo. Alitumbukia katika dimbwi la maji, watu wakamtafuta wasimpate, na kesho yake akatoka akiwa na nguo kavu. Alianza kusema mambo ambayo watu walikuwa hawajayasikia yakitoka kinywani mwa mtu mmoja: kwamba wafu watarudi, kwamba Waafrika wote ni watu wamoja, na kwamba ipo dawa itakayogeuza risasi za Mjerumani kuwa maji. Watu walimiminika Ngarambe kwa makundi kuja kuwaona wahenga wao na kunyunyiziwa ile dawa. Habari zilipita kwa minong'ono kutoka mtu hadi mtu. Wamatumbi waliita njwiywila. Akida aliyekuwa akipita njiani aliona watu wanakwenda kwa mganga, basi.

Sasa hebu tutazame masikio yaliyoyapokea maneno hayo, maana hapo ndipo penye siri. Tangu 1898 kila nyumba ilitakiwa kulipa kodi ya rupia 3. Tangu 1902, chini ya Gavana von Götzen, mashamba ya pamba ya ushirika yakaanzishwa, na ushirika wenyewe ulikuwa wa jina tu: wanavijiji walilimishwa kwa zamu huku mashamba yao ya chakula yakingoja, akida akisimama na kiboko, na malipo yalipokuja yalikuwa madogo kiasi kwamba wengine walikataa kuyapokea. Mzee mwenye wajukuu alichapwa mbele ya wakwe zake. Aibu hiyo kila mtu alikuwa nayo kifuani, kila mtu peke yake, kila kijiji peke yake. Mmatumbi hakujua kwamba Mngindo anaona aibu ile ile, wala Mmwera hakujua habari za Mzaramo.

Kinjikitile hakuwaletea hasira. Hasira walikuwa nayo. Alichowapa ni jina la kuiitia, na neno moja fupi ambalo kila kabila liliweza kulitamka.

Siandiki haya kumtukuza. Nataka tu tuache ile tabia ya wasomi wa mjini kusema kwamba wazee wetu walikuwa wajinga. Wajinga? Mwaka 2011 nilikuwa kijana katika chumba cha habari, foleni ya magari ya kwenda Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila ikawa ndefu kiasi cha kuchukua siku nyingi. Watu walikwenda kunywa kikombe cha shilingi 500. Walikuwemo wenye shahada na wenye vyeo. Nasi watangazaji, nami nikiwemo, tulihesabu magari kwa sauti ya furaha kuliko tulivyouliza maswali. Zaidi ya miaka mia moja ilikuwa imepita tangu maji ya Ngarambe. Nchi jirani ya Uganda, mwaka 1987, Alice Lakwena aliwapaka wapiganaji wake mafuta ili risasi zisiwadhuru, akafika nao karibu na Jinja. Na Wahindi Wekundu wa Marekani, mwaka 1890, walivaa mashati waliyoamini hayapenyi risasi. Mtu aliyeminywa mpaka ukutani, anayeambiwa na mwenye sauti ya Mungu kwamba ukuta ni pazia, husukuma. Hilo halina kabila wala elimu.

Turudi kwetu. Wazee waliohojiwa baadaye walisema Kinjikitile aliwaonya watu wasianze vita mpaka atoe ishara. Wakangoja. Msimu wa pamba ukapita, mwingine ukaja, ishara haikutoka. Mwezi Julai 1905, Wamatumbi wa Nandete waliingia shambani wakaing'oa pamba, na kuing'oa pamba ya serikali kulikuwa ni kutangaza vita. Waliong'oa hawakuwa na ruhusa ya mwenye neno. Kwa maana nyingine, neno lilikwisha kumtoka mkononi. Tarehe 4 Agosti Wajerumani walimnyonga Kinjikitile huko Mohoro pamoja na msaidizi wake. Inasimuliwa kwamba kabla ya kufa aliwaambia wamechelewa, dawa imekwisha kufika Kilosa na Mahenge.

Walimnyonga mtu, na vita vyenyewe vilikuwa bado havijafika robo. Mtunzi Ebrahim Hussein aliligeuza jambo hili kuwa tamthilia mwaka 1969, na waliosoma sekondari wanaikumbuka. Mimi nilivutiwa zaidi na kalenda. Mnamo Agosti 1905, wakati mwenye neno amekwisha kuzikwa, neno lilikuwa ndiyo kwanza linakimbia: likaingia Liwale, boma likachomwa, tarehe 14 Agosti, huko Mikukuyumbu, Askofu Cassian Spiss wa Wabenediktini aliuawa akiwa safarini kwenda Peramiho, pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Kisha likashuka bonde la Lukuledi. Mwishoni mwa mwezi ule misheni za Lukuledi na Nyangao zilichomwa moto, na sista mmoja, Walburga Diepolder, aliuawa katika kukimbia.

Hapo ndipo mjomba alipoingia na simulizi yake. Namweleza kama alivyonieleza, akiwa amekaa kwenye kigoda, taa ya mafuta kati yetu.

Babu yake alikuwa kijana ambaye hajaoa. Alikuwa na kaka wawili. Mkubwa alikuwa akienda kusikiliza mafundisho kwa mapadre wa Lukuledi. Alikwisha kujua kusoma kidogo, na alikuwa na shati. Huyu wa pili na babu mwenyewe walikuwa wakulima. Siku moja akaja mjumbe wa dawa, wao walimwita hongo kwa jina la yule pepo, akasimama chini ya mti na kuzungumza tangu jua likiwa juu mpaka likatua. Mjomba anasema babu yake hakuweza kueleza maneno yote, lakini alieleza mwili wake ulivyokuwa: magoti yalilegea, nywele zikasimama, akajiona mrefu. Kaka mkubwa naye alikuwepo, amesimama nyuma, na kwa mujibu wa babu alitokwa machozi kama wengine. Yaani yule aliyekuwa akisikiliza Injili asubuhi alitikiswa jioni na mjumbe wa maji. Usiku ule ndugu watatu hawakulala. Wawili wakanywa. Mkubwa hakunywa, akaondoka gizani kuelekea Lukuledi kuwaonya mapadre, au kuchukua vitu vyake, au kujificha. Hakuna ajuaye, kwa sababu hakuonekana tena. Wa pili aliuawa kwa risasi, na masharti yalikuwa yanakataza kugeuka nyuma, hivyo babu hakugeuka. Alikimbia mbele yake akimsikia.

“Hakumzika,” mjomba akasema. “Na yule mkubwa hakumwona. Babu aliishi mpaka mimi nikawa kijana wa kutumwa dukani. Kila alipochota maji mtungini alikuwa anamwaga kidogo chini kwanza. Sisi watoto tulidhani ni uchafu anautoa.”

Nimeyatafakari sana masharti yale. Asiyekutana na mwanamke, asiyepora, asiyegeuka nyuma, huyo dawa itamlinda. Aliyekufa, basi huyo alivunja sharti. Au hakufa, amelala tu, ataamka. Ona jinsi neno la namna hii lisivyoweza kushindwa. Risasi ikipita, kosa ni la marehemu. Mama analia mwanawe na papo hapo anaanza kujiuliza mwanawe alifanya dhambi gani. Hapa ndipo ninapomlaumu mwenye neno na wajumbe wake, kama kulaumu kunaruhusiwa baada ya miaka zaidi ya mia: waliwapa watu ushujaa mkubwa, lakini hawakuwaachia mlango wa kutokea. Huko Mahenge, tarehe 30 Agosti, maelfu walilisogelea boma lenye bunduki za rashasha mbili. Walikuja kwa mafungu, wakaanguka kwa mafungu.

Lakini wapo pia waliosikia maneno yale yale wasitikisike, au wakatikisika wakajizuia. Neno lilipopanda kuelekea Masasi na nchi ya juu ya Wamakonde lilikutana na wakubwa wawili wa Kiyao, Nakaam wa Chiwata na Matola wa upande wa Newala. Wote wawili waliikataa dawa na kubaki upande wa Wajerumani. Vitabu vyetu vya shule viliwapita haraka, na huko vijijini zamani ukitaja majina hayo mtu alitazama pembeni. Wasaliti? Mimi siwezi kulitamka neno hilo kwa wepesi. Ukoo wa Matola ulikuwa na mahusiano ya tangu miaka ya 1870 na misheni ya Waingereza ya Masasi, ile ambayo Askofu Steere aliianzisha 1876 kwa watu waliokombolewa utumwani. Walikuwa na hesabu zao za watawala na majirani, na baadhi ya hesabu hizo zilikuwa za ubinafsi, sitaki kuzisafisha. Matokeo yake yalionekana: upande wao moto ulizimika mapema, na uwanda wa Makonde kwa sehemu kubwa haukuungua. Nina jamaa Newala ambao wapo kwa sababu mtu fulani alisikiliza hotuba nzuri akasema hapana. Nina jamaa Lupaso ambao hawapo kwa sababu mtu fulani alisema ndiyo. Nikiwekwa kati ya hao wawili nihukumu, nashindwa.

Njaa ndiyo iliyoua zaidi. Kapteni Wangenheim wa jeshi la Kijerumani aliandika bila haya kwamba ni njaa tu itakayowaleta watu kwenye utii wa kweli, na ndivyo walivyofanya: maghala yalichomwa, mazao yakafyekwa, visima vikaachwa na watu. Serikali ya Kijerumani ilikadiria waliokufa kuwa 75,000. Mwanahistoria wetu Gilbert Gwassa alifikia makadirio ya kati ya 250,000 na 300,000. Sehemu za Liwale zilibaki pori, tembo wakarithi mashamba. Basi yule katekista aliposema “ambaye hakuzikwa” hakuwa anatunga fumbo. Alikuwa anasema jambo ambalo kila ukoo uani pale unalo, pamoja na wangu, bila mimi kujua.

Sasa msinielewe kwamba nawaweka katekista na Kinjikitile kwenye mizani moja. Mmoja alisema maneno ili watu waende vitani. Mwingine alisema ili walie na kulala. Lakini nilipokaa kimya pale nje nikaona kwamba kazi ya mdomo ni ileile. Hakuna hata mmoja kati yao aliyemwingizia msikilizaji kitu kigeni. Walikuta kitu kimejifungia ndani, wakagonga mahali panapofaa. Na anayejua mahali pa kugonga ana madaraka makubwa kuliko mkuu wa wilaya.

Hili mwalimu mmoja wa Pugu alilielewa vizuri. Mwaka 1954 TANU ilipoanzishwa na Julius Nyerere na wenzake, huko Kusini wapo wazee waliosita kuchukua kadi. Si kwamba walimpenda Mwingereza. Walikumbuka mara ya mwisho walipoambiwa waungane wote wamwondoe mtawala. Mbele ya Umoja wa Mataifa mjini New York, Desemba 1956, Nyerere mwenyewe alivizungumzia vita vya Maji Maji, na kueleza jinsi kushindwa kule kulivyowafundisha watu kwamba mtawala hatolewi kwa nguvu. Alilazimika kuwaomba watu wale wale, au watoto wao, waamini umoja tena, safari hii bila dawa. Naye alikuwa na sauti ya kutikisa magoti. Alichoongeza ni subira na hesabu, na ile tabia yake ya kurudi kwa watu kuwaambia hapa nilikosea.

Na mtoto wa Lupaso tuliyekwenda kumzika alipitia kazi hii hii ya maneno. Kabla ya uwaziri na urais alikuwa mhariri: The Nationalist na Uhuru tangu 1966, Daily News tangu 1972, kisha mwaka 1976 akawa mkurugenzi wa kwanza wa Shirika la Habari, Shihata. Hakuwa msemaji wa kuliza watu. Alikuwa na lugha kavu, iliyonyooka, na kwa muda mrefu sisi vijana wa habari tuliicheka. Siku hizi siicheki sana.

Nimalizie habari ya ile mashine. Niliporudi Dar es Salaam nilikwenda studio moja kwa moja, nikamwita fundi mitambo, nikamwambia sikiliza hii, itavunja watu mioyo. Tukasikiliza dakika nne za yule katekista. Sauti ilikuwa safi kabisa. Jogoo alisikika mbali, mtu akakohoa, maneno yakaja yote. Fundi akasubiri, halafu akaniuliza: “Ndiyo hiyo?” Hata mimi sikusikia kitu. Ilikuwa sentensi tu. Haikuwahi kurushwa.

Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam walipita vijijini kukusanya masimulizi ya wazee waliopigana au kushuhudia, na kama si wao tusingekuwa na mengi ya kusema leo. Kwa Kinjikitile mwenyewe hatuna hata sentensi moja iliyoandikwa siku aliyoisema. Tuna kumbukumbu za magoti yaliyolegea.

Lakini mjomba anayo. Ndiyo lile jambo nililoligusia likawaudhi. Usiku ule, karibu na saa nane, aliniambia kwamba babu yake alimfundisha maneno ambayo hongo aliwafanya wayarudie kabla ya kunywa, kwa Kimwera, mistari kama mitano. Nikanyoosha mkono kuwasha kinasa sauti. Mjomba akaweka kiganja juu yake.

“Hicho zima, mwanangu. Weka kule ndani.”

Nikakiweka ndani. Niliporudi aliyasema, mara moja, polepole, akitazama taa. Kimwera changu ni kidogo, nilishika maneno mawili tu, maji na ndugu. Alipomaliza alichukua kata, akachota mtungini, akamwaga kidogo chini, ndipo akanipa ninywe.